Kandarasi za Mji na Uanagenzi: Kanuni Hizi Zilitoka Wapi



Swali lisilokosekana katika mikutano yetu ni hili: fedha zinazojenga barabara, masoko na mifereji ya mji hutoka katika kodi zetu sote, mbona basi kijana wetu huingia katika kazi hizo akiwa kibarua wa kusukuma toroli, na kandarasi ikiisha hutoka kibarua vilevile? Swali hili lina historia yake, nayo yafaa ijulikane, maana aendaye mbele ya wakubwa bila kuijua hurudishwa mlangoni kwa maneno matamu.

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mafundi wa London waliona jambo la ajabu. Baraza la mji lilimpa kazi mkandarasi mwenye bei ya chini, naye alipata bei hiyo kwa kupunguza mishahara, au kwa kuwauzia wengine vipande vya kazi, na hao wakawauzia wengine tena, hata fundi wa mwisho akabakiwa na makombo. Mwaka 1891 Bunge la Uingereza lilikubali azimio kwamba katika kandarasi za Serikali yawekwe masharti ya kuzuia ubaya huo wa kuuziana kazi, na kwamba jitihada ifanywe ili mafundi walipwe ujira uliozoeleka katika ufundi wao. Angalieni hekima yake: hawakungoja sheria kubwa ya kuwafunga matajiri wote. Walisema tu kwamba atakaye fedha za umma na akubali masharti ya umma.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi la Kimataifa lilifanya jambo hilo kuwa Mkataba wa namba 94. Mkataba huo wataka ujira na saa za kazi katika kandarasi za umma visiwe duni kuliko vile vya kazi kama hiyo katika wilaya ile ile. Wataka matangazo yabandikwe mahali pa kazi ili wafanyakazi wajue haki zao. Tena waruhusu malipo ya mkandarasi yazuiwe ili watu wapate mishahara yao. Kenya iliutia sahihi mwaka 1964, mwezi mmoja tu baada ya Uhuru. Uingereza yenyewe ilijitoa mwaka 1982. Mwalimu ameliacha somo, mwanafunzi angali amelishika, angalau katika karatasi.

Lakini mkataba ule wasema juu ya ujira, hausemi juu ya kufundisha. Hapa ndipo historia ya kwetu inapouma. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa tangu 1896 hadi 1901, iliita wafanyakazi wapata 32,000 kutoka Bara Hindi, miongoni mwao waashi, maseremala na wahunzi. Hatuwalaumu, maana walikuja kwa mkataba na wengi walikufa. Ila wakubwa wa reli walikuwa na haraka ya kufika ziwani, wala hawakuona haja ya kumweka Mwafrika kando ya fundi ili ajifunze. Mwafrika alichimba na kubeba. Hivyo ufundi ukawa na kabila, na jambo lililokuwa la haraka ya miaka mitano likawa desturi ya miaka mingi.

Mwaka 1924 Serikali ilifungua chuo cha ufundi Kabete, na vijana wa Kiafrika wakafundishwa uashi, useremala na uhunzi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na nyumba nyingi zashuhudia kazi ya mikono yao. Hata hivyo kujua kazi hakukuwa kulipwa sawa. Sisi makarani twalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa baada ya Tume ya Holmes ya 1948 Mwafrika katika kazi ya Serikali alipimiwa tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu mwenye cheo kile kile, mpaka Tume ya Lidbury ilipoikataa kanuni hiyo mwaka 1954.

Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ilikuja 1959, na mwaka 1971 ikaongezwa kodi ya mafunzo: mwajiri hulipa katika mfuko, na akiwafundisha watu wake huweza kudai arudishiwe gharama. Kwa amri ya mwaka 2007 kodi hiyo iliwekwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kwa maoni yangu kiasi hicho ni chepesi mno; mkandarasi mkubwa aweza kukilipa na kusahau, bila kumfundisha mtu hata mmoja.

Kisha zikafuata kanuni za fungu la wenyeji. Kanuni za ujenzi za mwaka 2014 zilimtaka mkandarasi mgeni ahidi kuwapa wenyeji sehemu isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya kazi, na kuwarithisha ujuzi usiopatikana nchini. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 yatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na walemavu. Ni mambo mema, lakini fungu hilo humfikia mwenye kampuni. Kijana asiye na kampuni wala cheti hubaki na toroli yake, ijapokuwa tajiri wake sasa ni jirani yake.

Kwa hiyo kamati zetu zinapokwenda kuuliza juu ya kandarasi, zisiulize tu ni vijana wangapi wameandikwa. Ziulize tangazo la mishahara limebandikwa wapi, na kazi imeuzwa kwa wangapi chini ya mkandarasi. Zaidi ya yote ziulize habari za mikataba ya wanagenzi, kwa kuwa sheria ile ya 1959 yataka mkataba wa uanagenzi uandikwe na kusajiliwa. Mzazi aliyeambiwa na msimamizi, kwa mdomo tu, kwamba mwanawe "anajifunza kazi" na aombe kuiona karatasi hiyo. Kama haipo, mtoto huyo mbele ya sheria si mwanagenzi, na siku za kubeba mawe hazitahesabiwa popote.