Mpokea dau, mzee wa mkeka na mbio za farasi: kwa nini mmoja huitwa mwizi na mwingine mvivu

Tukizungumzia kubeti hewani, jumbe zinazoingia studioni husema mambo mawili: kampuni za kubeti ni wezi, na wanaobeti ni wavivu. Maneno haya hayakuanzia kwetu. Uingereza yalisemwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati dau liliwekwa kwa farasi zaidi kuliko kwa mpira. Mambo mengi tunayoyaona leo kwenye simu, kama odi, dau na mkeka wa mechi nyingi, yalikuzwa na watu wa mbio za farasi. Ndiyo maana tunaanzia huko.

Maneno ya kujua

Mpokea dau ni mtu au kampuni inayochukua fedha yako na kukuahidi malipo ukipatia. Odi ni namba inayozidishwa na dau lako: ukiweka shilingi 1,000 kwa odi ya 3, ukipatia unapewa 3,000, na ile 1,000 yako imo humo humo. Anayebeti tunamjua kwa majina mengi. Vijiweni huitwa mzee wa mikeka.

Mbio zenyewe si kamari

Wengi huchanganya mbio za farasi na kamari, lakini ni vitu viwili. Dubai kuna mashindano ya Dubai World Cup, yaliyoanza mwaka 1996, na ni miongoni mwa mbio zenye zawadi kubwa duniani. Hata hivyo uwanjani hakuna meza ya dau. Watazamaji hushiriki shindano la bure la kutabiri washindi, na anayepatia hupewa zawadi bila kutoa fedha yake. Wanazuoni wa Kiislamu tangu zamani wamekubali mashindano ya farasi yenye zawadi. Wanachokataza ni kamari, yaani watu kuwekeana fedha mmoja ale ya mwenzake.

Tajiri mwanamichezo, maskini mhalifu

Uingereza mbio na dau vilikwenda pamoja. Mbio maarufu za Derby, katika uwanja wa Epsom, zilianza mwaka 1780, na mabwana wenye ardhi waliweka fedha nyingi huko bila kuonekana wabaya. Waliitwa wanamichezo.

Wafanyakazi wa mijini walipoanza kubeti, sheria ilikuja. Mwaka 1853 Bunge lilipiga marufuku nyumba za kupokea dau. Mwaka 1906 likapiga marufuku kupokea dau barabarani. Lakini mwenye nauli na kiingilio aliruhusiwa kubeti uwanjani, na mwenye akaunti ya mkopo kwa mpokea dau aliruhusiwa kutuma dau kwa barua, telegramu au simu. Mfanyakazi wa bandarini au kiwandani hakuwa na akaunti wala simu. Sarafu zake mbili tatu ndizo zilizofanywa kosa.

Kubeti hakukuisha, kulijificha. Mpokea dau wa mtaa alikuwa na wakusanyaji waliopita kwenye baa, vinyozi na milango ya viwanda. Dau liliandikwa kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina la bandia, ili polisi wakikamata karatasi wasimjue mwenyewe. Vipande hivyo viliwekwa katika mfuko wenye saa ndani yake. Mfuko ukifungwa, saa ilionyesha muda, na hakuna aliyeweza kuchomeka karatasi baada ya mbio kwisha. Watoto waliwekwa pembeni kuangalia polisi. Baadhi ya polisi walihongwa, na ilitokea wapokea dau wakapeana zamu ya kukamatwa ili hesabu za kituo zionekane nzuri.

Mtu mmoja akawa na sura mbili. Mahakamani alikuwa mhalifu. Mtaani alikuwa jirani anayelipa bila maandishi ya kisheria, kwa sababu asipolipa leo, kesho hapati mteja. Walikuwepo pia waliotoroka na fedha za watu. Kwa Kiingereza mtoro wa namna hiyo alipewa jina linalofanana na jina la watu wa Wales, na wapo watu wa Wales wanaoliona kuwa tusi hadi leo.

Sheria ya mwaka 1960 ilibadilisha mambo, na tarehe 1 Mei 1961 maduka ya kubeti yalifunguliwa kihalali. Serikali haikutaka yavutie. Vioo vilizibwa ili wapita njia wasione ndani, na televisheni na vinywaji havikuruhusiwa. Masharti hayo yalianza kulegezwa mwaka 1986.

Je, mpokea dau ni mwizi?

Tuchukue mbio za farasi 4 wenye nguvu sawa. Kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4, hivyo odi ya haki ni 4. Mpokea dau hatoi 4, anatoa 3.5. Watu 100 wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja, 25 kwa kila farasi. Amekusanya 100,000. Farasi yeyote akishinda, anawalipa watu 25, kila mmoja 3,500, jumla 87,500. Anabaki na 12,500.

Angalia vizuri: hakuiba, hakupanga mbio, wala hakumjua mshindi. Alipunguza odi kidogo tu. Watu wakimkimbilia farasi mmoja, hushusha odi ya farasi huyo na kupandisha za wengine ili fedha zigawanyike. Tofauti ile ndogo ndiyo mshahara wake, na hulipwa na wanaobeti wote kwa pamoja, siku zote.

Mkeka wa mechi nyingi huizidisha tofauti hiyo. Kwa mfano wetu, katika kila 1,000 thamani ya haki inayobaki ni 875. Ukiunganisha mechi 5 zenye makato kama hayo, inabaki kama 513. Mechi 10, inabaki kama 263. Makato halisi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni na kati ya mchezo na mchezo, lakini mwelekeo ni huo. Mkeka ukichanika kwa mechi moja, watu husema ni bahati mbaya. Ukweli ni kwamba kila mechi iliyoongezwa ilikuwa na makato yake.

Lipo lalamiko moja lenye msingi. Katika nchi kadhaa kampuni huwapunguzia kiwango cha dau wateja wanaoshinda mara kwa mara. Huko Australia, jimbo la New South Wales liliweka kanuni mwaka 2014 zinazowalazimisha wapokea dau wa mbio za farasi kupokea dau la kiwango fulani bila kumbagua mshindi.

Je, matokeo hupangwa?

Udanganyifu umewahi kutokea. Mwaka 1844 farasi aliyeitwa Running Rein alishika nafasi ya kwanza katika Derby, mbio za farasi wenye umri wa miaka 3. Ikagundulika alikuwa farasi mwingine, Maccabeus, mwenye miaka 4. Ushindi akapewa Orlando, aliyekuwa wa pili. Leo wapanda farasi wenye leseni Uingereza hawaruhusiwi kubeti kwenye mbio, na farasi hupimwa dawa. Lakini mpokea dau hahitaji kupanga matokeo ili apate faida. Mara nyingi yeye ndiye anayeibiwa mbio zikipangwa.

Nchi iliyomwondoa mpokea dau

Ufaransa ilifuata njia nyingine. Mwaka 1891 iliruhusu mfumo wa kapu peke yake. Fedha zote hukusanywa pamoja, mwendeshaji hukata fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliopatia. Hapo hakuna mtu wa kumwita mwizi, lakini makato yapo. Uingereza nayo iliruhusu kapu la namna hiyo viwanjani mwaka 1928, likafanya kazi sambamba na wapokea dau.

Kwetu

Waingereza walileta mbio za farasi Kenya. Uwanja wa Ngong, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 1954 na bado mbio hufanyika hapo. Kenya ilitunga sheria ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kwetu mpokea dau hana sura. Yumo ndani ya simu, hata ya kitochi. Labda ndiyo maana vijiweni amepewa jina la "Mhindi", na mtu akishinda husema amemla Mhindi. Jina hilo linawabebesha watu wa asili moja lawama isiyo yao, kama lile la watu wa Wales, na linaficha jambo la msingi: anayekula ni hesabu, si kabila.

Anayebeti naye tunampima kwa hali yake, kama Waingereza wa mwaka 1906. Mwenye gari akiweka 50,000 tunasema anajifurahisha. Kijana wa kijiweni akiweka 500 tunamwita mvivu. Aibu hiyo ina gharama. Aliyepoteza fedha ya pembejeo au ya kikundi cha kuweka na kukopa hunyamaza, kisha hubeti tena ili airudishe kabla mke, mume au wenzake hawajajua. Hapo ndipo hasara ndogo hugeuka deni.

Ya kuzingatia

Ukichagua kubeti, hakikisha kampuni ina leseni. Tenga kiasi ambacho kikipotea nyumba haitatikisika, na usiguse fedha ya mbolea, ada au kikundi. Usikope ili kubeti, na usiongeze dau kwa hasira ya kuliwa. Chukua daftari, andika kila shilingi iliyotoka na kila iliyorudi kwa miezi 3, kisha jumlisha. Kumbukumbu ya kichwani hushika siku za ushindi na kusahau nyingine.

Na ukimwona ndugu anaficha simu, anauza vitu au anakopa bila maelezo, usianze kwa kumwita mvivu. Muulize anadaiwa kiasi gani na na nani. Kaeni na mtu mnayemheshimu wote wawili, andikeni madeni, mpange namna ya kuyalipa. Fedha ya nyumba ishikwe na mwingine kwa muda, mpaka hali itulie.