Jinsi soko la hatifungani linavyomgusa mkazi wa Voi

MWENYE duka mjini Voi anayeomba mkopo wa kuongeza bidhaa, mchimbaji wa vito kule Kasigau anayeuza mawe yake kwa bei ya dola, na mfanyakazi wa kaunti anayesubiri mshahara mjini Mwatate huenda wasijuane. Hata hivyo, riziki ya wote watatu hutegemea kwa kiasi kikubwa soko ambalo wengi wao hawajawahi kulitia machoni: soko la hatifungani.

Hatifungani, ambayo wengi huiita bondi, ni hati ya deni. Anayeinunua humkopesha aliyeitoa. Naye hulipwa riba, kwa kawaida kila baada ya miezi sita, kisha hurejeshewa mtaji wake muda ukitimia. Nchini Kenya, mkopaji mkuu katika soko hili ni serikali, na anayeuza hati kwa niaba yake ni Benki Kuu ya Kenya (CBK), iliyoanzishwa mwaka wa 1966.

Serikali hukopa kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni hawala za Hazina, ambazo ni za siku 91, 182 au 364. Hizi huuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake, na faida ya mnunuzi ni ile tofauti. Ya pili ni hatifungani zenyewe, ambazo huchukua miaka kadhaa, baadhi yake hadi 30.

Zote huuzwa kwa mnada. Wawekezaji wakubwa, yaani benki, hazina za pensheni na kampuni za bima, hutaja riba wanayoitaka. Serikali huanza na walioomba riba ya chini na kupanda hadi ifikie kiwango inachoona kinafaa. Mwekezaji mdogo si lazima ashindane. Anaweza kukubali wastani unaotokana na mnada huo.

Bei na riba

Kanuni moja huwatatiza wengi: riba ikipanda sokoni, bei ya hatifungani za zamani hushuka.

Chukua mfano wa hatifungani ya Sh100,000 inayolipa asilimia 12 na iliyobakisha mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mwenye hati atapata Sh112,000. Ikiwa hatifungani mpya sasa zinalipa asilimia 16, hakuna atakayeinunua ya zamani kwa Sh100,000. Bei yake itashuka hadi karibu Sh96,550, ambapo mnunuzi naye atapata asilimia 16. Riba ikishuka hadi asilimia tisa, hati hiyo hiyo itapanda hadi karibu Sh102,750.

Kwa hivyo, dai kwamba mwekezaji katika hati za serikali hawezi kupata hasara si kweli kamwe. Anayesubiri muda utimie hulipwa alichoahidiwa. Anayelazimika kuuza mapema katika Soko la Hisa la Nairobi hupokea bei ya siku hiyo. Aidha, mfumko wa bei ukizidi riba, fedha zitakazorudi zitanunua vitu vichache kuliko zilipotolewa.

Kazi ya Benki Kuu

CBK hujaribu kuudhibiti mfumko huo kupitia Kamati ya Sera ya Fedha, ambayo hutangaza kiwango elekezi cha riba. Lengo lililowekwa na serikali ni mfumko wa asilimia tano, ukiruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 2.5. Bei zikipanda kwa kasi, kamati huongeza kiwango hicho ili mikopo iwe ghali na watu wapunguze matumizi. Uchumi ukizorota, hukipunguza.

Mwishoni mwa 2011, mfumko ulipokaribia asilimia 20, kiwango hicho kilipandishwa hadi asilimia 18. Mnamo Februari 2024 kilifika asilimia 13. Kuanzia Agosti mwaka huo kamati ilianza kukishusha hatua kwa hatua, na kufikia Desemba 2025 kilikuwa asilimia tisa.

Soko lilifuata mkondo huo. Hawala ya siku 91, iliyokuwa ikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, ilikuwa imeteremka chini ya asilimia tisa kufikia katikati ya 2025.

Mawimbi kutoka ng'ambo

Hata hivyo, si kila uamuzi unaoathiri riba ya Kenya hufanywa Nairobi. Mnamo Juni 2014, serikali iliuza hatifungani zake za kwanza katika soko la kimataifa na kupata dola bilioni mbili. Sehemu ya dola bilioni 1.5 ilikuwa ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 6.875, na ilipasa kulipwa Juni 2024.

Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sufuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 ili kukabiliana na mfumko nchini humo. Wawekezaji walioweza kupata riba hiyo Marekani hawakuona haja ya kuzikopesha nchi kama Kenya ila kwa malipo makubwa zaidi. Hofu ikatanda kwamba Kenya ingeshindwa kulipa deni la 2014. Kufikia Januari 2024, dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh160.

Mwezi uliofuata, serikali ilichukua hatua mbili. Ilikopa dola bilioni 1.5 ng'ambo kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani. Nyumbani, iliuza hatifungani ya miundomsingi ya miaka 8.5 kwa riba ya asilimia 18.46. Ilitafuta Sh70 bilioni. Ikapokea maombi ya zaidi ya Sh288 bilioni, na kuchukua takriban Sh241 bilioni. Shilingi ilipata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130.

Nafuu hiyo ina uzito wake. Riba ya mwaka mmoja kwa mkopo wa dola bilioni 1.5 kwa asilimia 9.75 ni dola milioni 146.25. Dola ikiwa Sh160, hizo ni Sh23.4 bilioni. Ikiwa Sh130, ni takriban Sh19 bilioni. Deni ni lile lile. Kilichobadilika ni shilingi.

Athari Taita Taveta

Kaunti hii ina kumbukumbu za mikopo hiyo ardhini. Reli ya kisasa inayopitia Voi, iliyozinduliwa mwaka wa 2017, ilijengwa hasa kwa mkopo wa benki ya Exim ya Uchina. Barabara ya lami kutoka Mwatate hadi Taveta ilifadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambayo nayo hupata fedha kwa kuuza hatifungani katika masoko ya dunia. Mnamo 2025 serikali ilibadilisha mikopo ya reli kutoka dola hadi sarafu ya Uchina ili kupunguza gharama ya riba.

Kwa mwenye duka, athari huja kupitia benki. Serikali inapolipa asilimia 18, benki haina sababu ya kumkopesha mfanyabiashara mdogo ambaye huenda akashindwa kulipa, ila kwa riba ya juu au dhamana nzito. Sheria iliyodhibiti riba kati ya 2016 na 2019 ilidhihirisha hivyo: benki nyingi zilipunguza mikopo kwa wafanyabiashara wadogo na kuelekea kwenye hati za serikali.

Kwa mchimbaji wa vito, jiwe la dola 1,000 lililoleta Sh160,000 mapema 2024 lilileta Sh130,000 miezi michache baadaye. Shilingi imara humpunguzia bei ya dizeli, lakini pia humpunguzia mapato. Hali ni hiyo hiyo kwa mashamba ya mkonge na hoteli za Tsavo zinazolipwa kwa dola.

Kwa mfanyakazi wa kaunti, tatizo ni foleni. Kwa mujibu wa Katiba, deni la umma hulipwa moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali. Kaunti husubiri mgao wake, na Baraza la Magavana limelalamika mara kwa mara kuhusu kucheleweshwa kwake. Kufikia katikati ya 2025, deni hilo lilikuwa limepita Sh11 trilioni, zaidi ya nusu yake likidaiwa humu nchini.

Mkazi kama mkopeshaji

Wadai hao wa humu nchini hawako mbali. Kila anayekatwa mchango wa NSSF au pensheni tayari anaikopesha serikali, kwani sehemu kubwa ya akiba hizo huwekwa katika hatifungani.

Anayetaka kuwekeza mwenyewe anahitaji kitambulisho, nambari ya KRA na akaunti ya benki. Zamani, mkazi wa Voi alilazimika kupeleka fomu katika tawi la CBK mjini Mombasa au kupitia benki yake. Tangu 2023, mfumo wa DhowCSD humwezesha kufungua akaunti na kutuma maombi kwa simu. Kiwango cha chini cha hatifungani za kawaida ni Sh50,000, na za miundomsingi Sh100,000. Riba ya hatifungani za kawaida hukatwa kodi: asilimia 15 kwa zilizo chini ya miaka 10, na asilimia 10 kwa za miaka 10 na zaidi.

Kabla ya kutuma maombi, ni muhimu mwekezaji ajiulize ni lini atazihitaji fedha hizo. Karo ya Januari ijayo haifai kufungiwa katika hati ya miaka 15, hata riba yake ikivutia namna gani.