Mbadala si Wakala

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kuna kata inaitwa Stesheni, na treni haipo. Reli ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza. Karanga zikagoma kustawi, mpango ukafa mwaka 1951, na miaka ya 1960 ilipoanza tu reli yenyewe ikang'olewa. Jina likabaki. Anayezaliwa Stesheni leo hajiulizi stesheni ya nini, ni kwao tu. Maneno ya kigeni yakishakaa vya kutosha hayadaiwi maelezo tena. Wanaotaabisha ni wageni waliofika juzi, ambao bado tunagombania tuwaite nani.

Mmoja wa wageni hao ni proksi. Fungua mipangilio ya simu janja iliyowekewa Kiswahili, au ya kompyuta, utamkuta kwa majina mawili matatu. Kuna walioliacha neno kama lilivyokuja, wakalivisha irabu: proksi. Kuna walioandika "seva mbadala". Na wapo wachache, hasa walimu wa kompyuta, wanaosema "seva wakala". Kwa Kiswahili cha mezani hayo yote ni sawa. Kwa mtu wa Ruangwa au Nachingwea anayetaka kujua nani anaona anachofungua kwenye simu yake, hayako sawa hata kidogo, na mimi la katikati silitaki.

Mbadala ni kinachokaa mahali pa kingine. Tunasema nishati mbadala tukimaanisha gesi ichukue nafasi ya kuni, njia mbadala pale daraja linapobebwa na maji, tiba mbadala kwa aliyechoshwa na hospitali. Kote huko kimoja kinatoka, kingine kinaingia. Ukimwambia mtu "seva mbadala" atafikiri ni seva ya akiba, ile inayosubiri kando ya kwanza ikiharibika. Seva za namna hiyo zipo, lakini hizo ni kitu kingine kabisa. Proksi haichukui nafasi ya seva yoyote. Inasimama katikati, kati yako na unakokwenda, na pande zote mbili zinabaki pale pale.

Kazi yake ni hii. Bila proksi, ombi la simu yako linapita kwenye mnara, linaingia kwa kampuni ya simu, linatoka hadi kwenye seva ya tovuti unayoitaka, nayo tovuti inaiona anwani ya IP uliyotokea. Ukiweka proksi, ombi linakwenda kwanza kwake. Yeye ndiye anayebisha hodi kwenye tovuti, anapokea jibu, anakurudishia. Tovuti inaiona anwani yake, yako haiioni.

Watu wa huku hawahitaji kuchorewa hilo, kwa sababu korosho zao huuzwa hivyo kila msimu. Mkulima anapeleka gunia kwenye AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika, linapimwa, linapelekwa ghalani, halafu chama kikuu cha ushirika, RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaupeleka mzigo mnadani. Mnunuzi anaona tani na daraja la korosho za ghala fulani. Hajui kilo zipi zilitoka kwa mama gani wa Mbekenyera. Lakini karani wa AMCOS anajua: jina, kilo, tarehe, namba ya akaunti ya benki. Kujificha kwa mkulima kuko upande wa mnunuzi tu. Upande wa ushirika yuko wazi kabisa, na lazima awe wazi, la sivyo hela haitamfikia.

Hapo ndipo neno wakala linaposhinda. Limetoka Kiarabuni, kwenye mzizi wenye maana ya kukabidhi, kumwachia mtu jambo lako kwa kumwamini. Mzizi huo huo umetupa wakili. Sisi tumegawa kazi: wakili akapelekwa mahakamani, wakala akabaki na biashara. Huyo wa pili amepata kazi nyingi mno, nakubali. Kuna wakala wa M-Pesa mwenye kibanda na mwavuli, kuna wakala wa mabasi anayekushika mkono stendi, na serikali nayo ina zake, Wakala wa Barabara na nyinginezo. Wanaolikataa "seva wakala" wanasema neno limeshajaa. Mimi naona kujaa huko ndiko faida yake. Kila mtu ameshawahi kumkabidhi wakala hela na kusimama pale akimtazama vidole. Hakuna anayemwuliza mbadala kama ni mwaminifu. Wakala huulizwa.

Na maswali yapo ya kumwuliza. Ukipita kwa proksi ya kawaida na tovuti haina ule usimbaji wa https, wakala anasoma kila kitu, ujumbe na nywila. Tovuti ikiwa na https, anaona tu umekwenda wapi, na yaliyomo ndani hayasomi. VPN, ambayo watu wengi huiweka kapu moja na proksi, inakwenda hatua moja mbele: inafunga mawasiliano yote ya simu ndani ya njia iliyosimbwa, siyo ya programu moja tu, kiasi kwamba kampuni ya simu inaona umeunganishwa na VPN lakini haioni ulikopitia baada ya hapo. Aliyeuona mtandao wako jana alikuwa kampuni ya simu. Leo ni mwenye VPN. Ameondoka mmoja, amekuja mwingine, na huyu wa sasa huenda ofisi yake huijui iko nchi gani.

VPN za bure ndizo kangomba ya mtandao. Anayejua korosho anajua kangomba: mnunuzi wa nje ya mfumo, anafika mlangoni na kipimo chake, anakupa hela papo hapo msimu haujaanza, na stakabadhi hakuna. Mwaka 2015 ilibainika kwamba Hola, huduma ya bure iliyopendwa sana duniani, ilikuwa ikiuza njia za intaneti za watumiaji wake kwa wateja wengine, yaani mtu akidhani amejificha kumbe mgeni anapita mlangoni kwake na kufanya mambo kwa anwani yake. Facebook nayo ilikuwa na VPN iliyoitwa Onavo, ikitangazwa kama kinga, huku ikikusanya habari za programu ambazo watu wanazitumia. Mwaka 2018 iliondolewa kwenye duka la Apple.

Tukirudi nyuma kidogo, Watanzania wengi walipita kwa wakala miaka mingi bila kuambiwa. Opera Mini ilipoenea kuanzia mwaka 2006, ilikuwa ndiyo intaneti yenyewe kwenye simu ndogo za vitufe. Ilisifiwa kwa kubana bando. Namna ilivyobana ni kwamba simu haikwenda kwenye tovuti. Iliiomba seva ya Opera, seva ikazileta kurasa, ikazikamua, ikatuma kilichobaki. Hata kurasa zilizosimbwa zilifunguliwa kwanza huko kwenye seva ndipo zikabanwa. Ndiyo proksi hiyo, imekaa mfukoni, na katika yote waliyoisifia hakuna aliyesema "seva mbadala". Walisema "Opera haili hela".

Kuna jingine linalonichekesha kila nikilikumbuka. Programu mojawapo ya proksi iliyozoeleka sana, inayokaa kwenye mitandao ya vyuo na maofisi, inaitwa Squid, yaani ngisi. Mvuvi wa Lindi atafikiri jina limekaa sawasawa, kwa vile ngisi akitishwa hutoa wino na kupotea ndani yake. Kumbe ngisi huyu, ukimwacha na mipangilio yake ya asili, hatoi wino wowote. Kila ombi lisilosimbwa analolipeleka hulibandikia mstari unaotaja anwani ya mtu aliyemtuma. Alitengenezwa kwa ajili ya kuhifadhi kurasa na kuokoa intaneti, habari za kumficha mtu hazikuwa kazi yake. Neno proksi halikuahidi faragha hata mara moja. Ahadi hiyo tumeiongeza wenyewe.

Istilahi za mtandao zina ukweli wa ajabu ukizichunguza. Kuvinjari zamani kulikuwa kuzunguka mahali kwa kulinda au kuchunguza, kama anayepiga doria. Leo tunavinjari sisi, na huku tunavinjariwa. Vidakuzi, vile vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu yako ili ikutambue ukirudi, vimepewa jina la mdakuzi, mtu wa kudakua habari za watu. Aliyebuni neno hilo namvulia kofia. Vidakuzi haviijali proksi: ukishaingia kwenye akaunti yako, hata ungepita kwa mawakala kumi, tovuti inakujua kwa jina.

Lakini wakala anayejua siri za watu wengi zaidi Nachingwea na Ruangwa hayuko kwenye seva. Yuko stesheneri. Duka la fotokopi, kompyuta mbili, printa, lamineta, karatasi ya bei ukutani. Hapo ndipo yanapojazwa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, inapotafutwa namba ya kitambulisho cha NIDA, yanapoangaliwa matokeo. Mwenye simu ndogo hawezi kuyafanya mwenyewe, na mwenye simu kubwa anaogopa kukosea. Mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo mama. Nywila ya mwaka jana unaikumbuka?"

"Marahaba. Si unayo wewe mwanangu? Uliiandika."

Na kweli anayo. Linatolewa daftari la kaunta, majina yamepangwa kwa kalamu ya bluu, mbele ya kila jina namba ya simu, barua pepe ambayo kijana wa duka aliifungua yeye, na nywila, mara nyingi jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa. Mama hana wasiwasi. Anamjua kijana, anamjua na baba yake. Wala sisemi amekosea. Uaminifu wa namna hiyo umeendesha wilaya kabla ya kompyuta kufika. Ila tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na tume yake, inayomtaka mtu anayekusanya habari za wengine kuzilinda. Daftari lile nalo ni mkusanyiko. Sidhani kama kuna aliyewahi kumweleza hivyo kijana wa kaunta kwa maneno anayoyatumia yeye.

Faragha, neno ambalo hubebeshwa mjadala wote huu, nalo ni la Kiarabu, na huko lina harufu ya utupu, ya nafasi iliyo wazi. Kwetu faragha ni mahali: "tukae faragha", ndugu wawili wanajitenga chini ya mwembe. Siri ni tofauti, siri ni kitu. Nachingwea inaijua siri kwa kiwango kikubwa: wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walifundishwa hapa kambini, Samora Machel akiwa mmoja wa viongozi wao, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, na wengi walibeba majina ya vita ili adui asijue ni nani wa ukoo gani. Hiyo ilikuwa siri, ina adui na ina kusudi. Anayefungua ukurasa wa ugonjwa wake usiku hana adui. Anataka kukaa pembeni tu.

Tofauti hiyo ilipotea Oktoba 2023. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa taarifa kwamba watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN wazisajili kabla ya Oktoba 30, pamoja na kutaja anwani ya IP. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilikuwa zimeshakataza vifaa vya kufikia maudhui yaliyozuiwa, adhabu ikiwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Hoja ya serikali naifahamu, kuna matapeli na wadanganyifu wengi. Ila kujitenga kwa kibali, na kusema utakaa pembe ipi, ni faragha ya namna ambayo sijaiona kwenye kamusi. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungiwa, waliotaka kuusoma walisema neno moja, na halikuwa la kamusi: "washa vipieni". Oktoba 29 mwaka huo huo, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na vipieni nazo zikanyamaza, kwa sababu wakala anakaa ng'ambo na barabara ya kumfikia ndiyo iliyokatwa.

Imebaki sarufi, na hapa wenzangu wa istilahi tutabishana. Seva iko ngeli ya I-ZI: seva imezima. Wakala yuko A-WA: wakala amefunga. "Seva wakala" ifuate nini? Kitabu kitasema ifuate seva, na kitabu kiko sahihi. Mimi darasani ningeruhusu wanafunzi wakose alama. Waandike "wakala wangu anaona tovuti ninazofungua", waache ile "inaona". Na mwanafunzi wa nyuma akiuliza huyo wakala kaajiriwa na nani, mwalimu aache kusahihisha ngeli, amjibu.