Shika: mkono kushika simu na simu kushika mtandao

Katika Kiswahili cha simu, kitenzi shika hubeba maana mbili. Mkono hushika simu. Simu nayo hushika mtandao. Maana ya kwanza ni ya asili, kukamata kwa kiganja au vidole. Ya pili ni upanuzi, kama redio ishikavyo stesheni au kuni zishikavyo moto. Kwa kawaida maana hizo hazigongani. Hugongana pale inapoelezwa kwamba simu hupungukiwa mawimbi kwa sababu ya jinsi ilivyoshikwa, na hapo mfasiri asiyeangalia huweza kumtwika mtumiaji kosa la mtengenezaji.

Mfano mashuhuri ni wa iPhone 4, iliyoanza kuuzwa Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Japani tarehe 24 Juni 2010. Ukingo wake wa chuma cha pua ndio uliokuwa antena, nao ulikatwa vipande kwa nyufa nyembamba. Ufa mmoja ulikuwa upande wa kushoto, karibu na pembe ya chini, pale pale kiganja kinapoangukia kwa mtu ashikaye simu kwa mkono wa kushoto. Ngozi hupitisha umeme; ilipogusa pande zote mbili za ufa iliunganisha vipande vilivyokusudiwa kutengana, na antena ikaacha kulingana na masafa iliyoundiwa. Wapimaji wa AnandTech waliona upungufu wa zaidi ya desibeli 20 simu ilipobanwa mkononi bila kava. Desibeli 20 maana yake ni nguvu kubaki sehemu moja ya mia.

Kutokana na maelezo hayo, sentensi “mkono uliziba mawimbi” haifai. Kuziba ni kwa tundu au njia. Ni kweli kwamba mkono hufyonza sehemu ya mawimbi, lakini hilo hutokea kwa simu zote; la iPhone 4 lilikuwa zaidi ya hapo, na kitenzi chake ni kuunganisha. Kupoteza nako kuna utata. Mtu aliye karibu na mnara aliweza kupungukiwa desibeli hizo 20 na bado akazungumza bila tatizo, ilhali aliye pembezoni simu yake ilikatika. Kwa hiyo kudhoofika kwa mawimbi ni usemi sahihi zaidi wa jambo lenyewe, na kukosa mtandao ubakizwe kwa matokeo yake, pale yanapotokea.

Vijiti vya kwenye kioo vinahitaji tahadhari yake. Tarehe 2 Julai 2010 Apple ilitangaza kwamba kanuni ya kuvikokotoa ilikuwa na kosa, na mara nyingi ilionyesha vijiti viwili zaidi ya vilivyostahili. Anayeandika “mtandao ulishuka vijiti vitatu” anaeleza picha, wala hajapima mawimbi.

Uzito wa suala hili, hata hivyo, uko katika sarufi. Steve Jobs alimjibu mteja mmoja kwa baruapepe akimshauri aepuke kuishika simu kwa namna ile. Tarehe 16 Julai, huko Cupertino, alisema kuwa udhaifu huo unazikabili simu janja zote, kisha akaahidi kava za bure kwa wanunuzi. Linganisha sasa: “ameishika simu vibaya” na “simu haishiki mtandao ikishikwa hivyo.” Katika sentensi ya kwanza mtendaji ni mtu, na kielezi vibaya kimekwisha kumhukumu. Katika ya pili kiima ni simu, na -ki- ya masharti pamoja na kauli ya kutendwa hutaja mkono bila kuulaumu. Makala inayoripoti malalamiko ya wateja itumie muundo wa pili. Wa kwanza ni wa kunukuu utetezi wa kampuni. Kuchanganya miundo hiyo katika aya moja, kama wanafunzi wa tafsiri wafanyavyo mara kwa mara, ni kubadili upande bila kumwarifu msomaji.

Kuhusu nomino, mshiko ndiyo ya kawaida kwa namna ya kushika, ingawa mitaani Tanzania humaanisha fedha; kichwa cha habari “Mshiko waiponza simu” kitamcheza msomaji wa Dar es Salaam. Ushikaji ni hatari zaidi, kwa kuwa mshikaji ni rafiki. “Namna ya kushika” ni ndefu lakini salama.

Mtandao hutokana na tanda, yaani kuenea na kufunika, na ni wa ngeli ya M-/MI-: mtandao umekatika, si *imekatika. Nchini Kenya, simu isiyopatikana husemwa “iko mteja”, neno lililochukuliwa kwenye sauti iliyorekodiwa ya kampuni za simu. Usemi huo ni wa mazungumzo, na haueleza chanzo: simu iliyozimwa, iliyo nje ya mtandao au iliyobanwa kiganjani zote ni mteja.