Kabla ya Whitaker kulikuwa na Olita

Wasee wa Thika na Ruiru, uliza kwenye mathree ni nani aliigiza Idi Amin. Wote watakuambia Forest Whitaker. Sawa, jamaa alipewa Oscar 2007 na sina ubishi. Lakini miaka 25 kabla ya hiyo filamu, Mkenya alikuwa ashaifanya hiyo kazi.

Anaitwa Joseph Olita. Amin alitimuliwa Kampala Aprili 1979, na kufikia 1981 filamu ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, ilikuwa imetoka. Ilirekodiwa hapa hapa Kenya. Olita alifanana na Amin hadi unaogopa, na nadhani hapo ndipo shida ilianzia. 1991 Mira Nair akamweka kwenye Mississippi Masala. Kama nani? Amin tena! Sura ilimfungulia mlango, halafu ikamfungia ndani.

Olita alifariki 2014. Mimi nilikaa chuo kabla sijaacha, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyemtaja. Whitaker tulimsikia kila siku.

Ukifika home leo, muulize guka wako kuhusu ile filamu ya Amin. Usimtajie Whitaker kwanza.