Ofa Mbili za Utafiti Voi? Kataa Moja Bila Kuchoma Picha

Comrade wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, tuseme likizo ndefu imefika na ofa ni mbili. Moja ni Sagalla, kwa mradi wa Elephants and Bees, wale wa ua la mizinga ya nyuki ya kufukuza ndovu shambani. Ingine ni Wildlife Works, Maungu. Usiingie mitini, fanya hivi:

1. Jibu ndani ya siku mbili. Shukuru, kisha uliza kuhusu posho, malazi na siku ya mwisho ya kuamua.

2. Bado unangoja kwingine? Sema wazi, omba muda na utaje tarehe.

3. Usikubali zote ukipanga kuruka moja baadaye.

4. Ukikataa, andika fupi: "Asante sana kwa nafasi. Nimekubali kwingine, tafadhali mpeni mwenzangu."

5. Mwambie lekchara aliyekuandikia barua umeamua nini.

Mbona ujisumbue? Ukinyamaza, kuna msee Mwatate amekaa home akiingoja nafasi hiyo hiyo. Na watu wa wanyamapori huku Tsavo wanajuana. Uliyemkaushia leo, kesho ndiye utamwomba kazi.