Mhabeshi Aliyechorwa India



Hapa Arua na Koboko, hasa katika familia za Kinubi, hadithi ya babu aliyechukuliwa mtumwa kisha akawa askari si ngeni. Wengi wa askari wa Emin Pasha, ambao wazee wa Kinubi wanatokana nao, walianza hivyo. Leo tuwasimulie watoto habari za mwenzao aliyewatangulia kwa zaidi ya miaka 250, na ambaye sura yake imebaki katika picha.

Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi mnamo mwaka 1548 hivi. Akiwa kijana aliuzwa, akapitishwa Mocha na Baghdad, akasilimu na kusomeshwa, kisha akauzwa tena hadi Ahmadnagar, India. Bwana wake huko, waziri Chengiz Khan, alikuwa Mhabeshi vilevile. Bwana huyo alipofariki, Ambar akawa huru na kukusanya jeshi lake. Mwaka 1600 Wamughal waliuteka mji wa Ahmadnagar. Yeye akamtawaza mfalme mwingine, akaendelea kuwashambulia usiku na kuwakatia njia za chakula. Zaidi ya miaka 20 hawakummaliza.

Sasa tuje kwenye picha. Wafalme wa Kimughal waliajiri wachoraji wa picha ndogo za kutosha ukurasa wa kitabu, zilizochorwa kwa brashi za manyoya ya kindi juu ya karatasi iliyosuguliwa kwa jiwe hadi ikang'aa. (Hukumu ya kuchora viumbe wenye roho tunawaachia mashekhe, hapa tunasoma historia.) Mnamo 1616 hivi, Abu'l Hasan alimchora mfalme Jahangir amesimama juu ya tufe la dunia, akikipiga mishale kichwa cha Malik Ambar kilichotundikwa kwenye mkuki.

Kazi ya mkono ni ya ajabu, lakini jambo lenyewe halikutokea. Jahangir hakumkamata kamwe. Ambar alifariki mwaka 1626, mzee wa karibu miaka 80, akazikwa Khuldabad katika kaburi lenye kuba.

Mchoraji mwingine, Hashim, naye alimchora, mnamo 1620 hivi. Humo Ambar ni mzee mrefu mweusi, mwenye mavazi meupe na upanga, ametulia. Hakuna mshale wala mkuki.

Picha ya kwanza ipo Dublin, ya pili London. Mzazi mwenye intaneti awafungulie watoto zote mbili, kisha awaulize mfalme alikuwa anamwogopa nani.